Mzigo wa Mama

Kwetu Wakalenjin, "mama" ni mwanamume. Ni ndugu wa kiume wa mama mzazi, yule ambaye Waswahili humwita mjomba, na laana yake huogopwa kuliko mvua ya mawe mahindi yakiwa na mbelewele. Naanza na hilo kwa sababu nusu ya masaibu yangu ilitokana na neno hilo moja.

Mama alipostaafu alihamia Mombasa. Alisema mifupa imemchosha, maana Eldoret tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na blanketi ni vazi kama koti. Mwezi wa kwanza aliisifu bahari. Mwezi wa pili akaanza kuwalalamikia kunguru. Si hawa wetu. Ni wale wembamba wenye shingo ya kijivu, asili yao Bara Hindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakale takataka, kisha wakaona pwani nzima ni jaa lao. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mama aliusikia, akangoja wiki mbili, akahesabu upya waliokuwa juu ya mwembe wake. Mmoja alikuwa na hamri mdomoni. Hamri la Mama.

Akanipigia simu. "Nitumie ile bunduki yangu ya upepo. Na mursik, lita mbili."

Bunduki hiyo aliinunua zamani, enzi za kulinda ngano, na cheti chake anacho. Shida ni kwamba cheti alikwenda nacho Mombasa, kimekunjwa ndani ya Biblia, na bunduki aliiacha kwangu ndani ya sanduku la chuma. Cheti pwani, bunduki bara: kama mume na mke walimu waliopewa uhamisho siku moja.

Nilifunga mzigo usiku. Niliuviringishia blanketi, ukafanana na bunduki iliyovaa blanketi. Nikaongeza gunia, ukafanana na bunduki iliyokwenda sokoni. Mwishowe nikachomeka fagio la chelewa kwenye ncha, ukawa bunduki inayojificha nyuma ya fagio. Risasi nilizitia kwenye mkebe wa majani chai. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, nikaimimina kwenye chupa ya soda ya lita mbili, nikakaza kifuniko kwa koleo ili isimwagike njiani.

Asubuhi nikafika kwenye kaunta ya kampuni moja ya usafirishaji mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado napita mbele yake. Ukitaka kuijua Eldoret, simama kwenye foleni ya mizigo. Kuna gunia la viazi, jogoo kwenye katoni yenye matundu, viatu vya mbio vinavyokwenda Iten, godoro la mwanafunzi wa chuo. Dada wa kaunta alinipa fomu. Penye "Mpokeaji" nikaandika: Mama. Penye "Kilichomo" kalamu ikasita. Nikaandika: Kifaa cha shamba.

"Kifaa gani, mzee?"

Sijafika umri wa kuitwa mzee, lakini niliacha lipite. "Cha kufukuza ndege."

"Kinawafukuzaje?"

"Kwa upepo."

"Kama feni?"

"Karibu hivyo."

Aliutazama mzigo kuanzia kwenye fagio hadi upande wa pili. "Feni ndefu hivi? Na huyo mama yako ndiye atawafukuza?"

"Mama ni mwanamume," nikasema.

Hapo ndipo alipomwita mlinzi. Mlinzi alikuja na kile kidude cha kukagulia watu mlangoni, akakipitisha juu ya blanketi, nacho kikalia mfululizo kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Akapapasa gunia. "Madam," akasema taratibu, "hii feni ina mtutu."

Ikabidi nikiri. Nilisema "bunduki ya upepo", lakini nimejifunza kwamba watu wakisikia neno la kwanza hawangoji la tatu. Foleni ilirudi nyuma hatua mbili. Jogoo aliwika. Mlinzi akauliza kama ina risasi, nami, kwa uaminifu wa mtoto wa shule ya Jumapili, nikainua mkebe wa majani chai na kusema, "Hapana, risasi ziko huku." Foleni ikahamia barabarani. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ni punje za milimita 4.5, na kwamba risasi ni madini tu, hata jina ni la madini. Hakuna aliyekuja kusikiliza somo la kemia.

"Mji mzima una kiwanda cha risasi," mlinzi akanung'unika, "na huyu anazibeba kwa mkebe wa chai."

Afande aliyeitwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na hakuwa na haraka hata kidogo. Aliifungua bunduki, akaikunja katikati, akachungulia mtutu, akaona mwanga upande wa pili. Akauliza cheti. Nikamwambia kiko Mombasa, kwenye Biblia.

"Bunduki haina neno," akasema. "Tatizo ni wewe. Cheti kina jina la mtu, na mtu huyo si wewe. Mbona umeishika?"

Kisha, palepale mbele ya wateja waliokuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, akanifundisha nilichopaswa kujua kabla ya kununua hata gundi ya karatasi. Mwenye cheti ndiye hushughulika. Humuuliza msafirishaji kabla ya kufunga mzigo, si baada: mnapokea silaha au hampokei? Wengi watakataa, na hilo ndilo jibu. Akipatikana wa kukubali, mtutu uwe mtupu, springi iwe imelegea, risasi ziende mbali na bunduki. Na kama ni aina ya mtungi, upepo wote utolewe kwanza. "Na kwenye fomu," akagonga karatasi yangu kwa kidole, "unaandika jina lake. Nani alikwambia ni feni?"

Baadaye rafiki yangu wakala wa forodha alinionyesha kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaziwekea masharti silaha zote zinazoingizwa nchini zilizo kwenye Sura ya 93 ya orodha ya bidhaa za forodha, na kwamba kwenye sura hiyo bunduki ya upepo imewekwa fungu moja na rungu la askari. Kwetu, ambako kiongozi mmoja alitawala miaka 24 rungu mkononi, nikaona waliopanga orodha hiyo walijua kazi yao.

Bunduki ikapelekwa kituo cha polisi kumngoja mwenyewe. Nilijiliwaza kwa historia. Mji huu ulianzia kwenye posta mwaka 1910, katika shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado huuita Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi yetu. Na husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilipoletewa sefu kwa mkokoteni, sefu ilianguka, ikawashinda watu kuinyanyua, wakaamua kujenga benki kuizunguka. Kumbe mzigo kukwama Eldoret ni desturi. Nilishukuru tu kwamba wangu tayari ulikuwa umezungukwa na kituo.

Siku hiyo, nilipokuwa nikitoka pale kwenye kaunta, dada akaita. "Mzee, na hii chupa?"

"Maziwa."

"Sawa. Mia tatu."

Hakuna aliyeipitishia kidude. Hakuna aliyeuliza kama ina upepo. Ikapanda basi usiku, karibu kilomita 800, ikateremka kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto la Mombasa. Mursik ni kitu hai. Ukiifungia, inaendelea kupumua, na mimi nilikuwa nimeikaza kwa koleo.

Ililipuka saa nne asubuhi kwenye ofisi ya kupokelea mizigo. Mama alifika dakika chache baadaye, akakuta wateja wamelala kifudifudi na dari imepakwa rangi ya majivu, harufu ya mkaa wa kibuyu imejaa kote. Karani aliinua kichwa kutoka chini ya meza, akasoma karatasi iliyolowa, akamtazama yule mzee wa ndevu.

"Wewe ndiye Mama?"

Mama alipitisha kidole ukutani, akalamba. "Imeiva," akasema.

Alikuja Eldoret mwezi uliofuata, na Biblia yake, akachukua bunduki yake kihalali. Akaagiza mursik nyingine. Safari hii nililegeza kifuniko, nikatii somo la afande, na penye "Kilichomo" nikaandika ukweli mtupu: Maziwa, hai, yenye upepo.

Dada wa kaunta alisoma mara mbili. Kisha akamwita mlinzi.