Sifa za Hasara

Faida imeshaimbiwa vya kutosha. Leo nimeamua kumsifu nduguye anayenuniwa na kila mtu, Hasara, ingawa si kila hasara inastahili.

Ya mama muuza dagaa wa Mwigobero, Musoma, naiacha. Mvua ikimkuta ameanika, mtaji umekwenda na ushuru anadaiwa vilevile. Ya mkulima wa pamba wa Bunda hufika na bei mbaya ikaondoka na ng'ombe. Mwenye duka dogo pale Butiama, asiyeandaa hesabu, hukadiriwa kodi kwa mauzo yake; auze kwa hasara hadi rafu zibaki tupu, hasara hiyo haina hata mstari wa kuandikiwa. Hizo ni hasara za washamba.

Ninayoisifu ni Hasara ya vitabuni, binti wa Uchakavu wa Mitambo na Riba ya Mkopo, mkopo ambao mara nyingi hutoka kwa kampuni mama yenyewe. Haimlizi mtu. Mwaka ukifungwa haifi, huvushwa mwaka unaofuata ikaimeze faida kabla Mamlaka ya Mapato (TRA) haijaionja.

Tazameni matendo yake. African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia, iliingia soko la hisa la London mwaka 2010. Migodi yake ilikuwa Tanzania, North Mara ya hapo Tarime ikiwemo. Huku kwetu hesabu zilionyesha hasara. Kule Uingereza, kati ya 2010 na 2013, wanahisa waligawiwa zaidi ya dola milioni 400. Tangu lini mtu akagawa asichochuma? Hasara iliyosoma inaweza.

Wasio na shukrani hawakosekani. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi lilitaka kujua gawio hilo limetoka wapi kama faida haikuwepo. Badala ya muujiza likaona ukwepaji wa kodi, likabariki kodi ya zuio ya 10%, dola milioni 41 na ushee. Kampuni ilikana, ikakata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Wamarekani ni wachoyo zaidi. Tangu 1984 sheria yao inalimulika gawio lililopita kiasi. Kampuni ikipokea gawio linalofika 10% ya gharama ya hisa zake za kawaida, nayo haijazishika miaka miwili, sehemu ya gawio iliyosamehewa kodi hupunguzwa kwenye gharama ya hisa hizo. Kwa hiyo haiwezi kula gawio kwa msamaha, kisha iuze hisa zilizokamuliwa na kudai imepata hasara. Yaani wanamnyima Hasara hata haki ya kuzaliwa mara mbili! Hoja yao ni kwamba mtaji uliorudi mfukoni haupaswi kuhesabiwa kama bado uko kazini. Hoja hiyo mama wa Mwigobero anaijua bila mwanasheria: akila mtaji, haendi kumwambia mkopeshaji kwamba bado anao.

Basi, wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, acheni kulalamika kwamba biashara haiendi. Tatizo si hasara, maana hasara mnazo tele. Tatizo ni kwamba zenu hazijasomeshwa. Zikatieni tiketi ya London, na msisahau kuzitafutia mhasibu wa kuzisindikiza.