Sifa za Kweche Aliyevua Joho

Wapo wanaomsifu flamingo wa Ziwa Nakuru. Flamingo hahitaji msifu. Mtoto anamtambua akiwa dirishani mwa basi. Mimi namsifu kweche dume, tena msimu wa kuzaana ukishampita.

Mvua zikinyesha, kweche wa pwani hujipamba kama bwana harusi: utosi mwekundu, tumbo jeusi ti. Nyasi zikikauka joho linarudi kwa mwenyewe, naye anabaki kahawia yenye michirizi, asitofautiane na mkewe, wala wanawe, wala kweche wa aina nyingine, na kwa mbali hata kwelea na fumbwe. Mpita njia ataapa ni shomoro.

Huyu ndiye ndege wa haki. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe kina aina zaidi ya 1,300 za ndege wa Afrika Mashariki, lakini ukifika ukurasa wa makweche majike, profesa na dereva wa watalii wanatoshana elimu. Bingwa anashusha darubini, anafuta lenzi isiyo na vumbi, anasema, "Leo mwanga mbaya." Hiyo ni saa nne asubuhi na jua linachoma.

Tena kweche anatufunza kutazama. Flamingo unamwona rangi, unapiga picha, unaondoka. Huyu utamkagua unene wa mdomo, mstari juu ya jicho, na michirizi ya kifua: imeshuka hadi ubavuni au imekatikia njiani? Ukifika ubavuni, keshazama mpungani. Anaibuka mwingine. Au ni yuleyule?

Ukoo huu nao hauna budi kuwa na wasaliti. Kweche wa Kinangop mwenye mkia wa nusu mita huangusha mkia wote msimu ukiisha, lakini kile kiraka chekundu cha begani hakiachi. Anatambulika papo hapo. Hana haya.

Katika bonde la Ruvu, mkulima wa mpunga hana shida hizi. Yeye wote anawaita wezi, anafinyanga donge la tope, anawarushia bila kufungua ukurasa hata mmoja.