Bakuli Lililojilaza

Anayesema ufinyanzi hutuliza akili, mwulize kwanza kama amewahi kukaa mbele ya gurudumu la umeme na shati jeupe. Darasa letu la wanaoanza liko uani kwenye nyumba moja hapa Dar es Salaam, chini ya mwembe. Tumejiandikisha watu wazima tuliochoshwa na kompyuta: mhasibu mstaafu, dada wa benki, vijana wawili waliochumbiana, na mie. Ada tumelipa wenyewe, hakuna aliyetushika mkono.

Kazi huanza kwa kukanda. Udongo hukandwa na kubamizwa mezani mpaka hewa yote itoke. Mimi ninayejisifu nyumbani kwa kukanda unga wa chapati niliomba maji ya kunywa kabla tonge halijalainika.

Kisha unalibwaga tonge katikati ya gurudumu, na hapo katikati ndipo penye kazi. Likikaa upande kidogo tu, linakuyumbisha mikono, mabega, hadi miwani. Mwalimu wetu, mama wa makamo, huegemeza viwiko mapajani, akalizingira tonge kwa viganja, nalo likatulia tuli. Akiondoa mikono nikaweka yangu, linaanza fitina upya.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Nawaheshimu, lakini wangu ulikuwa maji kupita kiasi. Kila ulipogoma niliuongezea. Bakuli likapanda, likapanuka, likapendeza, nikamwita mhasibu aje kushuhudia. Alipofika lilikuwa limejilaza.

"Hiki kisahani?" akauliza, kwa nia njema kabisa.

"Ndiyo, mzee wangu. Nilikusudia kisahani."

"Punguza maji, mwanangu," mwalimu akasema. "Udongo hunywa tu, haujui kukataa."

Akatuhamishia kwenye kazi ya mikono mitupu: unasokota kamba za udongo, unazizungusha moja juu ya nyingine, unaziunga kwa kidole gumba, halafu unakwangua kuta kwa kipande cha kibuyu. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vya duara safi bila gurudumu la umeme, kisha huvipakia kwenye mitumbwi kuvipeleka soko la Matema. Changu kisingefika hata katikati ya safari. Kingetaka kushuka.

Subira nayo ni somo. Chombo hukaushwa polepole, kivulini. Dada wa benki, aliyezoea kutusubirisha sisi foleni, alishindwa kusubiri. Akaanika bakuli lake juani likapasuka ukingo hadi kitako. Kijana mchumba alifinyanga kuta nene kama za gereza, na unyevu ukabaki ndani. Tanuri lilipopata moto, unyevu ukageuka mvuke, mvuke ukatafuta mlango. Tulisikia "pu!", na vigae vikaangukia bakuli la mchumba wake. Harusi haijaahirishwa, kadi tumepewa.

Langu lilitoka zima. Ila udongo ukikauka na kuchomwa hupungua, sehemu moja ya kumi hivi, na mimi sikuwa nimefinyanga kubwa kwa kuanzia. Bakuli la mchuzi wa samaki likawa la pilipili. Isitoshe, halikupakwa ule ute unaogeuka kioo motoni na kuziba vitundu, kwa hiyo mchuzi wa kwanza ulipenya taratibu hadi kwenye kitambaa cha meza. Mke wangu alilisifu kwa maneno mengi, akalitia vitunguu saumu. Anasema humo vinapata hewa.

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Matema mama akakutajia bei ya chungu, toa hela bila kuvutana naye. Na kama unahitaji bakuli la vitunguu saumu, mimi ninayo kadhaa. Hayo bei yake ni maelewano.