Jinsi ya Kukwama kwa Heshima Njia ya Nakivale

Kukwama utakwama, tusidanganyane. Ukitoka Mbarara kwenda Nakivale mwezi wa Aprili au wa Novemba, na mvua imenyesha usiku kucha, hakuna tairi litakalokuhakikishia kufika saa uliyowaahidi wenyeji wako. Lililo mikononi mwako ni kuchagua utakwama wapi, mbele ya nani na kwa muda gani. Hayo unayaamua dukani, siku ya kununua tairi. Sogea karibu nikuonyeshe njia za mkato.

1. Nunua tairi la barabara unayopita, si la ile unayoiota.

Kila mwenye pikapu hujiona anajiandaa kwa Pearl of Africa Rally. Sikulaumu. Lakini safari yako ni kama kilomita 60, na kipande kikubwa cha mwanzo ni lami, ile barabara ya Kikagati inayoelekea mpaka wa Tanzania. Ukishapita Isingiro unaiacha lami, unaingia udongo mwekundu. Kambi yenyewe, inayopokea wakimbizi tangu 1958, imetawanyika mno: Base Camp, Juru, Rubondo, na vijiji vingi katikati. Kwa hiyo tairi lako lina kazi mbili, na anayekuuzia la kazi moja anakupunja.

Tazama ubavuni. H/T ni la lami. Kwenye tope ni abiria tu. M/T ni lile lenye meno makubwa yaliyoachana. Linajitoa tope lenyewe linapozunguka, na kwenye picha linapendeza kweli. Lakini lirudishe kwenye lami iliyolowa, kwenye kona, lori la matoke linakuja mbele yako, ndipo utajua gari linahitaji mita ngapi za ziada kusimama. A/T limekaa katikati ya hayo mawili. Chukua A/T. Marafiki zako hawatakusifu sana, ila utakuwa na nafasi ya kuonana nao tena.

2. Theluji waachie wenyewe.

Uganda theluji iko Rwenzori tu, kuzunguka kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na hakuna gari linalokwenda huko. Hata hivyo tairi za theluji zinauzwa. Huja chini ya magari yaliyotumika kutoka Japani, au ndani ya marundo ya tairi za mitumba. Utazitambua kwa neno STUDLESS, au kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Zinavutia: meno marefu, na kila jino limechanjwa michanjo myembamba mingi.

Ziache. Mpira wake umefanywa laini kwa makusudi, usikakamae joto linaposhuka chini ya nyuzi 7. Mbarara mchana joto hufika nyuzi 25 na kuzidi. Mpira huo unalainika kupita kiasi, lami inaula upesi, na ukikanyaga breki kwa nguvu gari linayumba. Muuzaji atakuambia meno hayajaguswa. Ni kweli. Barabara ya Kikagati itayagusa.

Na alama ya M+S isikulevye. Hiyo ni kauli ya mtengenezaji kwamba meno yamepangwa kwa ajili ya matope na theluji. Anaiandika mwenyewe, bila kulazimika kulipitisha tairi lake kwenye jaribio lolote. Ule mlima wenye chembe ya theluji ndio uliopimwa, nao umepimwa kwa jambo usilolihitaji.

3. Pungua upana.

Hapa ndipo wengi wanapokataa kunisikiliza, maana tairi pana linampa mtu kifua. Acha kutazama matangazo, tazama magari ya kazi. Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile ndefu za mtindo wa zamani zinazoingia Base Camp masika na kiangazi, nyingi zimevaa 7.50R16. Upana wake ni inchi saba na nusu tu. Wanaozinunua wana uwezo wa kununua pana zaidi, na hawanunui.

Sababu iko chini ya tope. Mvua inapolowesha udongo mwekundu, tabaka la juu ndilo linaloteleza, huku chini kukiwa bado kugumu. Ng'ombe wa Ankole analijua hilo: kwato lake dogo linapenya mpaka penye ugumu, halafu anasukuma. Tairi jembamba linafanya vivyo hivyo. Tairi pana linabaki juu, linaelea, na likishaelea usukani unakuwa mapambo.

Kuna mahali kanuni hii haifai: mabondeni karibu na Ziwa Nakivale, kwenye kinamasi, ambako ugumu wa chini haupo. Huko geuza gari. Kugeuza mapema ni aina ya kukwama isiyochafua viatu.

4. Fahari yako ipe haki yake.

Najua umeumia kuhusu upana. Basi chukua hili: tairi nyingi za A/T zina herufi nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Mwambie fundi, kabla hajalifunga kwenye rimu, herufi nyeupe zitazame nje. Hilo halikugharimu hata shilingi, halipunguzi usalama, na likishafungwa vizuri hakuna atakayeuliza inchi.

5. Nenda dukani na kiberiti.

Njiti moja inatosha. Ichomeke kichwa chini katikati ya meno ya tairi. Kikizama kichwa chake tu, tairi hilo limeshamaliza masika yake, asante, kwaheri. Unataka kichwa kizame na sehemu nzuri ya mti iingie pia. Jaribu katikati, kisha pande zote mbili, maana tairi lililoliwa upande mmoja limetoka kwenye gari lililopinda, na mwuzaji atakuwa ameligeuza upande mzuri ukutazame.

Kisha umri. Tafuta herufi DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usisome wewe. Mwombe mwuzaji akusomee.

"Hili jipya kabisa, bosi."

"Sawa mzee wangu. Nisomee hizo nne za mwisho, macho yangu leo mabaya."

Akishazisoma mwenyewe kwa sauti, wateja wengine wakisikia, bei inashuka bila ugomvi na yeye hajavunjiwa heshima. Likipita miaka sita, likague kwa makini kila sehemu. Likifika kumi, usilichukue hata bure. Pitisha ukucha ubavuni, kwa sababu rangi nyeusi inaficha nyufa machoni lakini haizifichi kwenye ukucha. Mwisho ingiza mkono ndani ya tairi, uzungushe polepole, utafute kiraka, uvimbe au waya uliochomoza.

6. Udanganyifu mmoja siuruhusu.

Kuna tairi vipara zinazochongwa upya kwa kisu cha moto. Fundi anakata mifereji mipya kwenye mpira uliobaki, na kwa mbali linaonekana la jana. Ukiinama utaona kingo zimekatwa kwa mkono, hazilingani, na pengine nyuzi zinachungulia chini ya mfereji. Mpira uliokuwa ukizilinda nyuzi hizo ndio uliokatwa. Tairi hilo litapasuka lami ikipata moto, gari likiwa limejaa watu. Njia hii ndiyo inayopeleka wajawazito na wagonjwa kutoka kambini hadi hospitali kuu ya Mbarara. Ukimwona rafiki yako anazinunua, mshike mkono mtoke naye.

Pesa ikitosha mbili tu? Nunua mbili nzuri, zifunge nyuma. Mwenye Probox atapinga, kwa kuwa gari lake linavuta kwa mbele, na kwenye tope hoja yake ina uzito. Lakini mbele kukiteleza kwenye lami yenye maji unapunguza mwendo na kurudi njiani. Nyuma kukiteleza, unageuka kuwatazama uliokuwa umewapita. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lipe saizi moja kote, la sivyo gia zake zitalipia ulichookoa.

7. Ujanja mkubwa kuliko wote hauuzwi.

Ni upepo. Kipimo cha kawaida kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi kinacheza karibu na PSI 35. Lami inapokwisha, kabla hujaingia topeni, simama. Toa upepo mpaka 25, au 22 kama gari ni jepesi. Tairi linalala, alama yake chini inarefuka, meno mengi zaidi yanashika udongo kwa wakati mmoja. Tairi la kawaida lililopunguzwa upepo litalipita la bei mbaya lililojazwa mpaka likawa gumu, na mwenye la bei mbaya hatajua umefanya nini. Usimwambie mpaka umemvuta.

Mipaka yake iheshimu. Usishuke chini ya 15, tairi litachomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukiwa na mzigo mzito punguza kidogo tu. Na kama tairi lako lina tyubu, ambazo bado ziko kwenye hizo 7.50, kuwa mwangalifu mara mbili: upepo ukiwa mdogo sana tairi linajisogeza juu ya rimu, tyubu inavutwa nalo, na mdomo wa kujazia upepo unakatika. Pampu iwe ndani ya gari, hata ile ya mguu. Mtu anayetoa upepo bila pampu ametoa upepo wa kurudia nyumbani.

8. Sasa kwama.

Ukifika penye tope usiwe wa kwanza. Simama, jifanye unajibu simu, msubiri dereva wa boda. Akipita miguu ikiwa juu, fuata. Akishusha miguu yote miwili, kuna utelezi lakini chini kupo. Abiria wake akishuka na kuvua viatu, zima gari, umepewa taarifa kamili. Ikibidi kwenda tu, chagua kukwama karibu na maduka kuliko porini, na mapema kuliko jioni.

Gurudumu likizunguka bure, ondoa mguu hapo hapo. Kila mzunguko wa ziada ni jembe. Jaribu kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, maana hapo umeshapashindilia. Ikishindikana, washushe abiria, weka mawe, matawi ya mikaratusi au nyasi kavu mbele ya gurudumu linalovuta. Migomba iko kila mahali Isingiro na itakuvutia, usiitumie. Shina la mgomba likikanyagwa linatoa maji, nawe utakuwa umelipia utelezi mpya.

Vijana watakuja bila kuitwa. Wasalimie kwanza. Utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kinyankole, lakini Kiswahili kitakufikisha, kwa kuwa wengi wametoka Kongo nacho.

"Vijana wangu, semeni bei kabla hatujaanza."

"Mzee, tope la leo ni zito."

"Nimeliona. Semeni."

Patana, kisha mpe pesa mmoja waliyemchagua wao, wengine wakiona. Anayeanza kubishana bei gari likiwa limeshatoka amewadhulumu watu wenye kazi chache na familia kubwa, na siku ya pili hatasukumwa. Wasikilize pia wakikuambia upite kushoto. Wao hupita hapo kila siku. Asisimame mtu nyuma ya gurudumu linalozunguka, na kamba ikikazwa kila mmoja akae mbali nayo, watoto kwanza. Kamba iliyokatika haichagui.

9. Ukirudi kwenye lami.

Simama tena, jaza upepo mpaka kipimo cha kwenye mlango. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto ndani na kupasuka, na uvivu wa dakika chache hizo umeua wengi waliokuwa wameshavuka tope salama. Kisha chukua kijiti, toa udongo ulioganda kati ya meno, na hasa ule ulioshika upande wa ndani wa rimu. Ukikauka humo usukani utatetemeka njia nzima, nawe utampelekea fundi gari lisiloumwa. Kaza nati. Futa taa na namba za gari.

Milango usiifute. Ingia nayo Mbarara hivyo hivyo, polepole, upite High Street yote.