Sukari Ipo, Dawa Hakuna

Hapa Kotile, kaunti ya Garissa, ukikosa sukari, jua hukuitafuta. Imejaa madukani pamoja na tambi na maziwa ya unga, na sehemu yake haijawahi kuonana na afisa wa forodha. Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa rasmi 2011. Mei 2023 serikali ikatangaza utafunguliwa kwa awamu, kituo cha Liboi kikiwamo, Julai ikaahirisha. Sukari haikusikia tangazo hata moja.

Sasa ugua uone. Daktari anakupima presha, anaguna, kisha anakupa kitu pekee kisichoisha hospitalini: karatasi. "Mzee, kanunue nje." Uliza sababu, utasikia habari za KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa. Kaunti nyingi zina deni huko, na mwenye deni hupelekewa dawa kwa kusuasua. Kaunti nazo hulalamika kwamba Nairobi imechelewesha mgao wa fedha. Tangu afya igatuliwe 2013, kila mkubwa ana wa kumsukumia lawama. Presha yangu haijui ugatuzi, inapanda tu.

Basi nikaenda kemisti, sitaji ipi. Kijana wa hapo, ambaye juzijuzi alikuwa akiuza kadi za simu, akaniletea pakiti yenye maandishi yasiyo Kiswahili, Kiingereza wala Kisomali.

"Adeer, hii ni kali. Ya ng'ambo."

Ng'ambo gani? Akaelekeza kidevu upande wa Kismayu. Yaani imepita njia za panya, juu ya lori, katikati ya magunia. Maandishi yalinishinda, lakini tarakimu nazijua: isihifadhiwe kwenye joto la kupita nyuzi 25. Nyuzi 25! Kwa Kotile hiyo ni baridi ya kutafutia blanketi.

Nikaomba nyingine. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na boksi safi lenye mhuri wa serikali: haiuzwi. Akanitajia bei bila kupepesa macho. Kumbe dawa ya bure haikuisha, ilihamia mjini kutafuta maisha.

Watu watasema tuongeze vizuizi barabarani kuzuia magendo. Ongezeni, lakini kabati la zahanati likiwa tupu, mgonjwa atanunua hata cha gizani.

Ndugu msomaji, ukinunua dawa tazama tarehe ya mwisho, na uulize leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iko ukuta gani. Ukiona mhuri wa serikali kwenye dawa ya kuuzwa, usinong'one, piga kelele. Nanyi waheshimiwa, lipeni deni la dawa kabla ya kununua gari jingine.