Kamba, Mita Ngapi?

Msiba wa kwanza wa kamba nyumbani kwangu ulikuwa wa uongo. Niliamka alfajiri, nikawasha tochi ya simu, nikamkuta amelala ubavu kwenye mchanga wa tangi: macho yapo, sharubu zipo, miguu ipo yote, roho tu ndiyo haipo. Nikamtoa kwa kijiko cha chai, nikamfunga kwenye karatasi ya daftari, nikamzika chini ya mpapai. Mke wangu, Mama Zuhura, alisimama mlangoni amejifunga kanga, akaniuliza kama tutasoma hitima au tutasubiri arobaini.

Jioni yake marehemu alitoka nyuma ya jiwe, mzima, mnene kuliko jana, akaanza kutafuta chakula.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kibiti. Miaka tisa nimeandika ubaoni kwamba kamba hana mfupa ndani. Mfupa wake ni gamba la nje, na kwa kuwa gamba halikui, hulipasua pale kichwa kinapokutana na mwili, akachomoka. Linabaki ganda kamili, hadi kifuniko cha jicho. Nimewakata watoto maksi kwa kulisahau hilo. Siku liliponitokea sebuleni, nikalichimbia kaburi. Nilichozika kilikuwa koti. Nilipowasimulia wanafunzi, binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa delta, alinyoosha mkono kwa adabu: "Mwalimu, huyo hakufa, alikuwa anabadili nguo."

Chanzo cha yote ni tangi la kioo la sentimita 80 aliloniachia mwalimu mwenzangu alipohamishwa. Yeye alifugia samaki wa rangi. Mimi nikasema hapana. Tunaishi jirani na mikoko ya Rufiji, hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, makuzi ya kamba yako mlangoni. Kwa nini nifuge mgeni?

Nikamwagiza kijana wa bodaboda anayepita Bungu kwenda Nyamisati. "Niletee kamba." Akauliza, "Mita ngapi, mwalimu?" Nikamfafanulia kuwa ni kamba wale, si kamba zile, ngeli ikaniokoa. Jioni akaja na kilo nzima ndani ya barafu, vichwa vimeshatolewa.

"Nilitaka walio hai."

Akanitazama kwa huruma. "Hawa wa leo leo, mwalimu. Wamebakiza kidogo tu wawe hai."

Tulikula wali wa nazi siku ile, na sikumlaumu mtu.

Bahari yangu ya kwanza niliitengeneza jikoni. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo tangi la lita 60 linataka kilo mbili na gramu 100. Hesabu haikuwa na kosa. Nilinunua pakiti za chumvi ya mezani mpaka mwenye duka akaniuliza kama nakausha ng'onda. Kijana akaleta kamba wanane wanaoruka ndani ya ndoo, nikawamimina humo. Hawakufika Isha. Bahari si chumvi ya mboga peke yake. Ina magnesi, ina kalsiamu ambayo kamba hujengea gamba, na vingine vingi ambavyo kiwandani vimeshaondolewa. Sikuwa nimewafuga wale. Nilikuwa nimewaunga.

Basi yakaanza madumu. Maji ya Nyamisati nayo yana tabia zake: yakijaa, bahari inatawala, yakipwa, mto unarudi kudai haki yake, masika unaweza kuyasongea ugali. Nikamwambia kijana achote maji yakiwa yamejaa kabisa, tena aonje kwanza. Akaongeza shilingi elfu moja, ya kuonja.

Walipokuja kamba wengine, nikajifunza pia kwamba kamba hamiminwi kama mchele. Maji ya mwilini mwake lazima yazoeane na maji mapya polepole. Nikanunua mpira wa dripu duka la dawa, nikaning'iniza chupa kwenye msumari wa dirishani, maji yakawa yanadondokea ndooni tone moja moja kwa saa mbili. Jirani akachungulia, akaona dripu imetundikwa. Kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wamefika kumjulia hali mgonjwa, wakiwa na machungwa. Tukawaonesha mgonjwa. Mmoja aliondoka na machungwa yake.

Joto la Kibiti likaleta mtihani mwingine. Maji yalipungua vidole viwili kwa wiki, nami nikawa najazia kwa maji ya dumu. Nilisahau kuwa jua hunywa maji likaacha chumvi, kwa hiyo nilikuwa natia chumvi juu ya chumvi. Kilichotakiwa ni maji ya mvua tu. Nilipoonja siku moja, ulimi ulitaka kujivua gamba. Usiku huo kamba wawili waliruka nje ya tangi, mmoja tukamkuta karibu na jiko. Mama Zuhura akasema, "Huyu angalau anajua kwao."

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Mbwera. Nilimwamkia, akapokea, akalikazia macho tangi kwa muda mrefu.

"Baba Zuhura, hawa mnawanenepesha kwa shughuli gani?"

"Tunawatazama tu, mama."

Kimya kilichofuata nimekisikia mara moja tu, kwenye kikao cha mirathi. Kisha akasimulia yale ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipokuja mpango wa kuchimba mabwawa ya kamba ya hekta zipatazo 10,000 ndani ya delta, watu wakaupinga hadi mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa. Akamaliza kwa upole: "Wale walikuwa na pa kupelekwa. Sasa wewe, mwanangu, nikupeleke wapi?" Mkwe hajibiwi. Nikaenda kutazama kuku.

Usiku mbu walikuwa wengi. Mama mkwe akaomba dawa ya kupuliza, akaipuliza sebule nzima kwa ukarimu wa mtu aliyeuguza malaria ya watoto saba. Pampu ya tangi ikavuta hewa ile na kuipeleka majini, ndiyo kazi yake. Dawa ya kuua mbu hupiga mishipa ya fahamu, na kamba na mbu ni ndugu wa ukoo mmoja. Nalo hilo nimeliandika ubaoni. Asubuhi watano walikuwa wamelala ubavu mchangani. Safari hii sikuharakisha kuzika. Nilikaa siku mbili nikiwasubiri watoke nyuma ya jiwe. Harufu ndiyo iliyonishauri. Mama mkwe alipouliza walichougua, tukamwambia presha.

Akabaki mmoja, yule yule aliyewahi kuzikwa. Kwake nilikuwa makini. Gamba alilovua nilimwachia alitafune, maana hurudisha madini yake mwilini. Nikamwekea kipande cha chungu ajifiche siku za ulaini. Ijumaa moja saa nne usiku, Luku ikakata. Pesa ya umeme nilikuwa nimenunulia bando. Pampu ikanyamaza.

Huko juu, kwenye mto huu huu wa Rufiji, kuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo yake ya megawati 2,115. Maji yakishaizungusha huteremka hadi kwenye mikoko alikokulia kamba wangu. Naye alikuwa anahema gizani kwa kukosa umeme wa pampu ndogo kuliko kipande cha sabuni, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuangalia mpira kwenye simu. Nikachukua kikombe, nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kuyamwaga, kama muuza chai anayepooza chai. Nilipooza mpaka saa kumi.

Mkono ulipokufa ganzi nikaelewa kazi niliyoiomba. Kamba hutaga baharini, vitoto vyake vikaja na maji hadi kwenye mizizi ya mikoko, vikakulia humo miezi kadhaa, kisha vikarudi baharini. Kwa muda wote huo kuna anayewabadilishia maji mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua huyapandisha mita tatu na zaidi. Hana dumu wala Luku. Nami nilikuwa nimejiajiri kuwa delta, nina kikombe kimoja.

Asubuhi nikapanda bodaboda, ndoo mapajani. Nyamisati nilikaa pembeni ya maji, nikamwongezea ya pale kidogo kidogo hadi yakazoeana. Hatua chache kutoka pale kina mama walikuwa wanakokota chandarua, wakitafuta uduvi. Nikainamisha ndoo. Akapiga mkia mara moja, akaondoka kinyumenyume, kwa hiyo tuliagana tukitazamana.

"Mwalimu," kijana akasema akiwasha pikipiki, "nauli yake ya kuja alilipiwa. Ya kurudi je?"

Tangi sasa liko barazani, Mama Zuhura anauzia maandazi. Hayabadili nguo, hayaruki usiku, na yakiisha hatuna msiba. Mama mkwe alipokuja mwezi uliopita alilizunguka mara moja, akafunua kifuniko, akachukua mawili.

"Haya," akasema, "sasa hapa mmefuga."