Jembe, Pembe na Bei ya Mwisho: Kupima Kitafutio cha Duka la Mtandaoni

Kitafutio cha kukodi ni programu ya kutafuta bidhaa ndani ya tovuti ya duka, ambayo haikai katika kompyuta ya mwenye duka bali katika seva za kampuni nyingine, na mara nyingi hulipiwa kwa kadiri ya maswali yanayoulizwa. Miongoni mwa kampuni za kazi hii, Algolia ilianzishwa Paris mwaka 2012, mwaka uleule Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa, kwa hiyo kampuni na mkoa ni marika, ijapokuwa hakuna dalili kwamba wamewahi kutambulishana.

Hasara ya kutotambulishana huonekana pale mfanyabiashara wa Mpanda, mkoani Katavi, auzaye majembe, ndoo, kandambili na asali ya Inyonga, anapotaka kujua kama chombo cha namna hii kinamfaa. Onyesho la muuzaji halimsaidii, kwa kuwa katika onyesho kila mtu hutafuta kilichopo na hukiandika sawasawa, jambo ambalo halijapata kutokea katika duka lolote. Kipimo cha haki ni maneno ya wateja wenyewe, na hapo ndipo utafiti huanza kuingiliwa na kicheko.

Chanzo cha kicheko hicho ni hesabu iliyoelezwa mwaka 1965 na Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Kisovieti, inayopima umbali baina ya maneno mawili kwa idadi ya herufi zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili moja liwe jingine. Elasticsearch, programu iliyotoka mwaka 2010 na ambayo pia hukodishwa, ina mpangilio unaosamehe kosa 1 katika neno la herufi 3 hadi 5, na makosa 2 katika neno refu zaidi. Msamaha huo ni mwema, lakini haujui ngeli. Mteja akiandika "jembe" ilhali bidhaa imeorodheshwa kama "majembe", herufi mbili za mbele zinatosha kumnyima; "pembe", kwa upande wake, iko umbali wa herufi moja tu, hivyo mkulima wa Mpimbwe, mvua zikiwa zimekaribia, huletewa saa ya ukutani ya pembe nne. Na katika mkoa wenye hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974, mtu hapendi neno "pembe" lionekane karibu na jina lake bila maelezo ya kutosha. Ajabu ni kwamba anayeandika "majembe" hulipata "jembe" bila taabu, kwa sababu neno lake ni refu na limeruhusiwa kukosea mara mbili.

Ndoo zikiisha, hali huwa nyeti zaidi. Mwenye duka wa kawaida husema zimeisha, kisha humtuma kijana duka la jirani. Kitafutio hakijui kusema hakuna, basi humpa mteja kadi za mwaliko wa ndoa.

Dawa ipo, nayo ni orodha ya visawe, yaani maneno ambayo mashine huambiwa iyahesabu kuwa kitu kimoja: jembe na majembe, kandambili na ndala na malapa, mchele na "mchere" wa wale wanaobadilishana l na r. Orodha hiyo huandikwa kwa mkono na mwenye duka mwenyewe, jioni baada ya kufunga hesabu, na kabla ya kuianza ni busara aulize kama ataweza kuondoka nayo, kwani hata Google iliifunga huduma yake ya kulipia ya kutafuta ndani ya tovuti mwaka 2018.

Sehemu yenye faida kuliko zote ni taarifa ya maswali, ambamo kila kilichoandikwa na wateja huhifadhiwa. Humo mwenye duka hugundua kwamba wengi hawatafuti bidhaa bali wanazungumza na mtu: wanaandika "shikamoo", wanauliza "mpo?", na mara kwa mara, kama ilivyo ada ya sokoni, "bei ya mwisho?" Swali hili la tatu halikosi jibu, kwa kuwa baina ya "mwisho" na "mwiko" pana makosa 2 yanayosameheka, na mteja aliyeomba apunguziwe huonyeshwa miiko ya kusongea ugali, yote kwa bei kamili.